Mama Saitoti, Hii Ndiyo Habari ya Sajini

Mama Saitoti, rafiki yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwa veranda, miguu ndani ya beseni ya maji moto na chumvi, maana leo nyayo zimekataa kabisa. Mtoto amelala. Sajini amelala. Yule mdogo, nitakuambia habari yake, naye amelala juu ya slipa yangu baada ya kuila upande mmoja. Saa kama hii, wote watatu wamenyamaza pamoja, huwa haiji, na mtu mwenye akili angelala na yeye. Lakini ungekuwa bado hapo ng'ambo ya ua ningegonga mabati uje tunywe chai. Kwa vile hauko, acha niandike.

Najua ungesema nini ukikaa tu. Ungesema, "Haya, jisifu kwanza umalize, ndio tuongee." Basi naanza. Njeri amejifungua, msichana. Ameitwa jina la mama mkwe wake, vile desturi yetu inataka, lakini uso ni wangu, masikio ni yangu, hata vile anakunja ngumi akinyonya ni mimi mtupu. Mama mkwe mwenyewe alimwangalia akasema, "Huyu mmenipatia jina tu." Tena Njeri amepata kazi kwa zahanati huko Kajiado. Nesi kamili. Yunifomu yake naipiga pasi mimi kwa mkono wangu, na mikunjo yake inaweza kukata mkate. Watu wa kanisa wanajua. Hata mtu wa bowsa ya maji anajua, nilimwambia akiwa anafungua mpira, na maji yakamwagika kidogo lakini habari aliipata.

Nimemaliza. Sasa tuongee.

Tulipotoka kukuzika huko kwenu mbele ya Kajiado, Saitoti alikuja kufunga nyumba. Mbuzi aliwapeleka kwa mjomba wake. Viti na vyombo vikabebwa. Sajini, mbwa wako, akabaki kwa mlango wa zizi tupu, hali, hanywi, na mtu akimkaribia anaonyesha meno yote aliyopewa na Mungu. Saitoti aliniambia, "Mama Njeri, huyu hakuna mtu wa kuwezana naye." Nikamwambia mimi nawezana naye. Ulikuwa umeniambia ukiwa pale hospitali, sauti imebaki kidogo kama ya mtu yuko chumba kingine: "Sajini asiuawe." Na mimi nikakujibu vile ninavyojua kujibu, nikasema nipe mwezi mmoja tu, nitamfanya awe kama kondoo. Ulicheka mpaka nesi akaja kuangalia. Nilidhani unacheka kwa furaha.

Rafiki yangu, yule mbwa wako ni kazi.

Wewe ulimlea akiwa mdogo ndani ya kibanda cha watoto wa mbuzi, analala nao, ananuka kama wao, na kutembea nao kutwa nzima. Kwa hivyo anajua mbuzi. Kitu kingine chochote hajui na hataki kujua. Nikamleta kwa plot yangu hapa Kitengela, mabati pande zote, hakuna mbuzi, na kwa geti kunapita boda boda, watu wa skrapu, watoto wa shule, wauza mboga. Kila mmoja wao kwake ni fisi. Nikamfunga mnyororo mchana na kumfungua jioni, vile kila mtu hapa hufanya na mbwa wake, na kadiri nilivyomfunga ndivyo alivyozidi kuwa mkali. Alirarua suruali ya kijana wa stima. Alikimbilia boda akauma gurudumu. Mpita njia mmoja akaniuliza, "Mama, huyo ni mbwa ama ni kesi?"

Lakini nikawa bado natembea nikisema anaendelea vizuri.

Halafu ikafika siku ya Njeri kuleta mtoto nyumbani. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inaelekea kuisha. Mume wake anafanya kazi mbali, anakuja mwisho wa mwezi, kwa hivyo tulikubaliana Njeri akae hapa kwangu, awe anapanda gari ya Namanga asubuhi kwenda kazini, na mimi nibaki na mtoto. Unajua nilivyongojea hilo jambo. Nilipaka rangi chumba. Nikawaambia akina mama wa kanisa waje, nao wakaja na sukari, unga, chupa za uji, kila mtu na leso yake mpya. Kwetu mtoto haingii kimyakimya. Anapokelewa kwa geti, kwa nyimbo na vigelegele, mama yake akiwa mbele.

Wewe ungekuwepo ungetuzuia. Gari ikasimama, Njeri akashuka na mtoto kifuani, wanawake wakapasua vigelegele, geti likafunguliwa wazi, na watu wote wakaingia kwa pamoja wakiimba. Sajini alikuwa nyuma ya nyumba amefungwa. Nilisikia mnyororo ukilia mara moja tu. Msumari uling'oka na ukuta. Alipita katikati ya wanawake kama hawapo, akaenda moja kwa moja kwa yule aliyekuwa mbele, akashika shali ya mtoto kwa meno na kuvuta.

Mama Saitoti, mtoto aliteleza kwa mikono ya Njeri. Mpaka leo nikifunga macho naona ile shali ikinyooka.

Watu walipiga nduru, Baba Njeri akatafuta fimbo, mimi nikaita jina la mbwa, hakuna kitu. Halafu mdomo wangu ukatoa lile neno lako la Kimaasai ulilokuwa ukimwambia akishika kiatu cha mtu. "Tapala." Acha. Nililisema vibaya, najua, ulikuwa unanicheka kila mara nikijaribu. Lakini aliachilia. Akasimama hapo na nyuzi za shali kwa meno, ananiangalia kama askari anayengojea asante.

Njeri alikuwa amemdaka mtoto, na hakuguswa hata ukucha. Uji ulimwagika wote kwa mchanga. Na mwanamke mmoja, unamjua, yule wa kuongea kwa pua, akasema, "Mama Njeri, si ulituambia huyo siku hizi ni kondoo?" Mwingine akasema pole pole kwamba kuna nyama mtu anaweza kuwekea dawa, jambo likaisha bila mtu kujua.

Njeri hakulia. Alimkaza mtoto kifuani. Aliniambia, "Mum, nakupenda. Lakini siwezi kulaza mtoto wangu plot moja na huyo mbwa. Ni yeye ama ni sisi." Akarudi kwa ile ile gari. Alisema atatafuta nyumba ya kupanga Kajiado na msichana wa kumsaidia kulea. Msichana wa kulea, na mimi niko hai, na chumba kimepakwa rangi.

Baba Njeri ni mtu wa maneno machache, unamjua. Jioni hiyo aliongea mengi kuliko mwaka mzima. Alisema amezungumza na daktari wa mifugo, atakuja kumdunga Sajini sindano ya kulala, hatasikia uchungu. Nikamwambia, Baba Njeri, nipe nafasi. Akaniuliza, "Nafasi ya nini? Mbwa ana meno, mtoto ana mashavu." Nilimwambia tu kwamba mtu alinikabidhi huyu mnyama akiwa anakufa. Akatoa kofia, akairudisha. Akasema, "Mpaka likizo ya Njeri iishe. Zaidi ya hapo, usiniombe."

Basi nikaanza kazi, na mimi si kijana.

Nilitoa mnyororo nikanunua kamba nzito ya ng'ombe. Kila asubuhi kabla jua halijawa kali namtoa kwenda upande wa machimbo ya mawe, kule bado kuna uwanda. Siku za kwanza alinivuta kama mkokoteni. Nilianguka mbele ya vijana wa boda, magoti yote mawili kwa kokoto, na mmoja akaniuliza, "Mathe, ni wewe unatembeza mbwa ama ni yeye anakutembeza?" Nikamwambia tunapeana zamu. Lakini nilikumbuka vile uliniambia kuhusu mbwa wa kuvuta. "Usivutane naye. Simama kama nguzo ya stima. Atachoka kabla yako." Hapo ulinidanganya, maana mimi ndiye nilichoka kwanza, kila siku, lakini nilichoka nikiwa nimesimama. Akivuta, nasimama. Kamba ikilegea, natembea. Mtu akiniona alidhani nimepoteza kitu njiani. Taratibu akaanza kuniangalia kabla ya kupiga hatua.

Chakula nikampa kwa mkono, ugali na matumbo, kidogo kidogo, na kabla hajapata lazima akae chini atulie. Kelele niliacha. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, wewe unajua sauti yangu. Nikawa naongea naye kama mtu anayeongea kanisani wakati wa maombi.

Kwa barabara akawa mbwa mzuri. Kwa geti alibaki yule yule. Mtu akigonga tu, anakuwa shetani. Na siku zilikuwa zinaenda.

Halafu Baba Njeri akaenda Kajiado siku ya soko la mifugo, kuangalia bei ya dume, na akarudi na katoni ya biskuti imetobolewa mashimo. Ndani kuna mtoto wa mbwa. Alikuwa ameshapanga kichwani mwake kwamba Sajini anaenda, na nyumba haiwezi kukaa bila mbwa. Hakuniambia. Mimi nilikuwa nje na Sajini. Tunarudi, nafungua geti, naona kitu cha mviringo, rangi ya kahawia, kimekaa kwa mlango wa nyumba yangu. Nikasema leo ndio leo. Kamba ilikuwa imelegea, mkono wangu umekufa ganzi, singeweza kumshika.

Sajini alikwenda pale. Akamnusa kichwa, akamnusa matako. Yule mdogo akalala chali akajikojolea. Sajini akamruka, akaenda akanywa maji, akarudi akalala, mgongo kwa yule mdogo na uso kwa geti.

Sikuelewa. Siku iliyofuata mwanamke wa kanisa alileta unga, akagonga, na Sajini karibu apande mabati. Mtu anayemjua, aliyemwona mara nyingi. Na huyu mgeni wa jana, aliyekula kwa sahani yake, hamwambii kitu. Niliketi hapa hapa nikafikiria mpaka chai ikapoa. Ndipo nikakumbuka mbuzi zako.

Wakati ulipokuwa unanunua mbuzi mpya, hukuwahi kuwaingiza Sajini akiwa ndani. Ulikuwa unaondoka naye, unazunguka mbali, mchungaji anaingiza mbuzi, halafu wewe ndio unarudi na mbwa. Nilikuwa naona na kusema kimoyomoyo, huyu mama anapenda kujichosha. Siku moja nikakuuliza. Ulinijibu ukiwa unakamua, hata hukugeuka: "Kinachoingia yeye akiwa ndani, ni mwizi. Anachokikuta ndani, ni mali yake." Na sisi tulimletea mtoto kupitia geti, tena kwa kelele, tena watu wengi. Kwa Sajini hiyo ilikuwa vita, na yeye akafanya kazi yake.

Nilimpigia Njeri simu. Sikumwomba aje. Nilimwomba anitumie kwa gari shuka ambayo mtoto amelalia, na asiifue. Akaniuliza, "Mum, ni ya mbwa?" Nikasema ni ya mbwa. Ilipofika, kusema kweli, nililala nayo kwanza mimi. Ilikuwa na harufu ya maziwa na ile poda. Kesho yake ndio nikaiweka karibu na sahani ya Sajini, awe anakula huku anainusa.

Sasa huyu mdogo. Tumemwita Chapati, kwa sababu ukimweka mahali anatandazika. Nilikuwa nimesahau mtoto wa mbwa ni nini. Kulia akiwa peke yake, ni yeye. Kukojoa kwa zulia, ni yeye. Baada ya kila mlo nambeba mbio nje kabla hajachuchumaa, na nikichelewa kidogo napangusa. Akiuma vidole nasema "ai" kama nimeumia, namgeuzia mgongo, mchezo umeisha, mpaka aelewe meno ndiyo yanafukuza watu. Nilimwekea chupa ya maji moto nimeifunga na sweta kuukuu, akaacha kulia. Na Baba Njeri, aliyesema tangu tuoane kwamba mbwa haingii nyumbani, nilimkuta na Chapati mapajani wakisikiliza taarifa ya habari. Nilipoingia akasema, "Alikuwa anasikia baridi." Sikusema kitu. Nakuambia wewe.

Njeri alikubali kuja kwa sharti moja: waya kwanza. Baba Njeri na fundi wakakata plot katikati kwa waya wa kuku mzito na nguzo za mti, upande wa nyumba na upande wa geti, na mlango mdogo wenye komeo. Daktari wa mifugo akaja, badala ya ile sindano nyingine akampiga Sajini ile ya kichaa cha mbwa, na akaniangalia kama mtu anayepoteza wakati.

Wakaja Jumamosi. Hakuna nyimbo. Hakuna mtu wa kanisa, na wengine bado wamenikasirikia. Mimi nilikuwa tayari kule machimboni na Sajini, nimekaa juu ya jiwe, namwomba Mungu na namwomba Sajini pia. Baba Njeri akanipigia simu, akasema, "Wameingia." Nikarudi polepole. Miguu ilikuwa inataka kukimbia nikaikataza, kwa sababu ulisema mwoga hunuka na mbwa husikia.

Tukaingia. Mtoto alikuwa upande wa nyumba, nyuma ya waya, mikononi mwa Njeri, na Njeri alikuwa amesimama mbali, amekauka. Wakati huo huo mtoto akaanza kulia. Sajini alisimama. Masikio yote mawili mbele, hata lile lililoraruliwa zamani. Nilishika kamba, lakini sikuivuta. Akaenda mpaka kwa waya, akatia pua kwenye tundu, akavuta pumzi ndefu. Halafu nyingine. Nilisikia Njeri akisema jina la Yesu.

Akajilaza hapo hapo, ubavu umegusa waya, uso kwa geti. Akashusha pumzi kama mzee.

Ningependa kukuambia hapo ndio mwisho. Ningekuwa nimeshalieleza kanisa zima. Lakini baadaye Njeri alipita haraka na mopu karibu na waya, na Sajini alinguruma. Si kwa nguvu, lakini alinguruma. Njeri akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Akasema, "Mum, nitakaa. Lakini huo mlango wa waya usiwe wazi hata dakika moja, na huyo mbwa hatawahi kuwa na mtoto bila wewe katikati." Nikasema sawa. Na nikaona ni kweli.

Kwa hivyo hivi ndivyo tunavyoishi. Maji yako upande wa geti, nepi ziko upande wa nyumba. Kila nikipita, nafungua komeo, nafunga komeo, najaribu kwa mkono kama limeshika. Nikifuata kuni, nafungua, nafunga. Mgeni akija ananipigia simu kwanza, namtoa Sajini, mgeni anaingia, nazunguka naye, tunarudi anamkuta mgeni ameshakaa na kikombe mkononi. Ukiniona unaweza kudhani ni mimi nimefunzwa. Mtoto anaanza kutambaa sasa, anaelekea kwa waya kila mara, anataka kushika ile pua, na mimi namrudisha. Chapati anapita upande wowote, yeye ni wa kila mtu. Jioni sina nguvu ya kuinua sufuria.

Watu wananiuliza kama Sajini amepona. Nawaambia hapana. Mimi, Mama Njeri, nasimama mbele ya watu nasema hapana, hajapona, hatapona, ana mlango wake na mimi niko na wangu. Wengine hawaamini kama ni mimi naongea.

Lakini Njeri yuko hapa. Asubuhi ananiachia mtoto, anapanda gari kwenda Kajiado na ile yunifomu, na watu wanageuka kuangalia. Na mbwa wako yuko hai, anakula, ameanza kunenepa mgongo.

Pumzika, rafiki yangu. Sitakuahidi tena makubwa, uliyasikia yangu ya kutosha. Nakuahidi hili dogo: kesho nitamtoa, nitamrudisha, nitafunga komeo. Kesho kutwa vile vile. Mpaka azeeke alale mwenyewe, kwa wakati wake, bila mtu kumharakisha. Wewe umemaliza zamu yako, yangu bado.

Naacha hapa. Mtoto ameanza kulia ndani ya nyumba. Sajini ameamka kabla yangu, amesimama kwa waya, ananiangalia kana kwamba mimi ndiye nimechelewa kazini.

Jirani yako,
Mama Njeri